Mawingu Yaliyokatika Juu ya Kwa Hawe Sidi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo ningeweza kuinyamazia mpaka kaburini na asingetokea mtu wa kuniuliza. Ni siku niliyotamka maneno machache kwenye foleni ya maji, kisha nikaingia darasani kufundisha hesabu kana kwamba sikusema kitu. Wazee wetu walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, na aliyeanguka ni mwingine.

Nikuanzie mbali kidogo. Mimi ni mzaliwa wa Muyeye, hapa hapa Malindi. Nilipomaliza shule nilipata kazi ya ualimu, bila cheti cha chuo, katika shule ya msingi ya kijiji kimoja cha ndani, ukishaipita Ganda unapoelekea Jilore. Kijiji chenyewe sitakitaja. Wajukuu wa watu nitakaowasema wako hai, na wengine huja mjini wakaniamkia shikamoo. Ilikuwa miaka ya themanini, mwaka ule wa ukame ambao watu walikula mahindi ya manjano ya msaada. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na nilijiona najua mambo.

Hicho nilichokuwa nakijua nilifundishwa na Bwana Mutiso, mtu wa Ukambani aliyeletwa pwani na kazi. Alikuwa mpimaji katika kituo cha hali ya hewa mjini. Siku moja alikuja shuleni kwetu na kipimamvua, kopo la shaba refu kama mtungi mwembamba, akalichimbia uani, akalizungushia waya, akanikabidhi daftari. Kazi yangu ilikuwa kuangalia ndani ya kopo kila asubuhi saa tatu, niandike mvua iliyoingia, kisha niinue macho niandike na mawingu.

Aliniambia wingu si moshi wala si pamba, ni maji. Jua huipiga bahari, maji yakageuka mvuke usioonekana, mvuke ukapanda pamoja na hewa ya moto. Kule juu kuna baridi kuliko huku chini. Mvuke ukifika penye baridi hutafuta pa kushika; hushika chembe za vumbi na za chumvi ya bahari, ndogo hata jicho halizioni, ukawa matone mepesi mno ambayo hewa huyabeba bila taabu. Hilo ndilo wingu. Matone yakigongana na kuungana mpaka yakawa mazito, hewa hushindwa kuyabeba, yakaanguka. Hata ukungu wa asubuhi, alisema, ni wingu lililokaa chini.

Akanionyesha na aina zake. Yako ya juu kabisa, membamba kama manyoya ya kuku yaliyopeperushwa, ambayo ni barafu tupu na hayatunyeshei. Yako yaliyojipanga kama magamba ya samaki. Yako yanayotanda kama shuka la kijivu, yakaficha jua kutwa na kudondosha manyunyu. Yako marundo meupe, chini yamenyooka kama yaliyokatwa kwa kisu, juu yamefura. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakitujia kutoka baharini karibu kila asubuhi. Na liko lile la kuogopwa, rundo lililokua likawa mnara, tumbo jeusi, kichwa kimebapa kama fuawe ya mhunzi. Hilo hubeba radi na mvua ya kumwagika. Kila moja lilikuwa na jina la kitaalamu, nami niliyakariri yote. Kujua majina ni rahisi, mwanangu. Tabu ni kwamba mtu akishajua majina hudhani amejua na mambo.

Dalili ya mvua ni mawingu, walinena wahenga. Mwaka ule tulipewa dalili tukanyimwa mvua. Marundo yalikuja, yakapita juu yetu, yakaenda zake. Mihindi ilikauka ikiwa kimo cha goti. Kisima kilichobaki kilikuwa cha chumvi. Maji yake yaliwasha ulimi na kuwaharisha watoto. Na njaa ina macho yake. Mtu akicheka, watu walijiuliza amekula nini. Mwenye mbuzi aliyenona alifunga zizi mchana. Jirani akikuletea kitu, ulikigeuza mara mbili kabla ya kukitia mdomoni.

Upande wa pili wa kilima cha shule aliishi bibi mmoja na mumewe. Kwa Kigiriama bibi huitwa hawe, na kijiji kizima kilimwita Hawe Sidi. Mumewe, Mzee Kitsao, hakuwa ameonekana nje kwa miezi. Boma lao lilizungushiwa miiba. Kila asubuhi moshi ulipanda nyuma ya nyumba, ukaendelea kupanda muda ambao majirani walikuwa wamekwisha kuzima mafiga yao. Katika mwaka wa njaa moshi wa namna hiyo humchongea mwenyewe. Anapika nini, na anampikia nani?

Siku moja nikapita karibu, nikachungulia penye mwanya wa miiba. Sikutumwa na mtu. Niliona chungu kikubwa juu ya mafiga matatu. Juu ya chungu kulikuwa na sufuria iliyokaa mahali pa kifuniko, na ukingo wote umezibwa kwa udongo, kama mtu anayefungia kitu kisitoke. Hawe Sidi alikuwa amekaa mbele yake, ametulia, anakitazama. Akageuka akaliona jicho langu. Hakuniita wala hakunifukuza. Alisogea tu, akakaa kati yangu na chungu.

Nikarudi shuleni, nikafungua daftari. Na hapo ndipo shetani aliponipata, kwa sababu nililolikuta mle lilikuwa kweli. Nilikuwa nimeandika, siku baada ya siku, kwamba marundo huja mazima mpaka juu ya kilima, na yakishavuka, palepale juu ya boma lile, huanza kuchanika na kuyeyuka. Sikulitunga. Nililiona kwa macho yangu.

Kesho yake kwenye foleni ya maji Mama Kadzo, mwanamke mwema mwenye watoto sita, aliniuliza daftari langu linasema mvua itakuja lini. Nikamjibu hivi:

"Mvua sijui. Ninachojua ni kwamba mawingu hukatika palepale juu ya kwa Hawe Sidi, na nyuma ya nyumba ana chungu amekiziba kwa udongo. Mimi sisemi kitu. Nasema nilichokiona."

Mtu anayetanguliza kusema kwamba hasemi kitu, mwanangu, keshasema.

Neno lile halikunihitaji tena. Siku ya pili lilinirudia, vyungu vimekuwa saba. Siku ya tatu nikaambiwa Mzee Kitsao alikufa zamani na bibi anamficha. Naona haya kukuambia, lakini nilifurahi kidogo. Lisemwalo lipo, nilijisemea, na kama halipo laja. Sikuwaza kwamba linakuja kwa sababu mimi nimelituma.

Alhamisi asubuhi, watoto wakiwa darasani, nikasikia kishindo barabarani. Walikuwa wanaume kama thelathini, wana mapanga na marungu. Mbele alikuwa Jefwa, kijana wa nguvu aliyekuwa amemzika mwanawe wa kwanza wiki mbili nyuma kwa kuharisha. Nyuma yao alitembea Mzee Charo, mzee wa kijiji, kama mchungaji ambaye kundi limeshamshinda. Niliwaacha watoto nikawafuata. Njiani kote nilikuwa na nafasi ya kusema, jamani ngojeni, hilo neno ni langu na sina hakika nalo. Sikusema. Niliogopa wangeniuliza kwa nini nilisema mara ya kwanza.

Hawe Sidi alitusikia, akatoka akasimama mlangoni mwa boma. Hakulia wala hakukimbia. Jefwa alimsukuma, akaangukia mkono, nikasikia mfupa ukilia. Wakaingia nyuma ya nyumba, na rungu la kwanza likakipasua chungu. Maji ya moto yakamwagika motoni. Ndani ya vigae, juu ya jiwe, lilikuwapo bakuli, na ndani ya bakuli maji meupe kabisa, kiasi cha kikombe.

Jefwa aliliinua bakuli watu walione. "Mvua yetu hii hapa," alisema.

"Ni maji ya mgonjwa," Hawe Sidi alijibu akiwa chini. Hakuna aliyetaka kumsikia. Jefwa aliliinamisha bakuli, yakamwagika mchangani, na mkono wake mwingine ukaenda kwenye panga.

Hapo Mzee Charo akapita mbele. Hakumtetea, alipima maneno tu. Alisema chungu kimeshavunjwa. Mvua ikinyesha kabla ya Jumapili kwisha, watajua kwamba bibi ndiye aliyeifunga, na hapo yeye hatakuwa na la kumzuia mtu. Isiponyesha, basi mkono ni wa mwingine, watautafuta. Watu wakakubali. Nami nikabaki nimesimama, nikielewa polepole kwamba katika nchi ile yenye kiu yuko mtu mmoja ambaye uhai wake sasa unategemea mvua isinyeshe.

Walipoondoka niliinua ile sufuria kutoka kwenye vigae. Upande wake wa chini ulikuwa bado una matone yananing'inia. Nikayagusa kwa kidole, nikaonja. Yalikuwa matamu, hayana chumvi hata chembe. Na kutoka ndani ya nyumba, ndani kule walikosema amelala maiti, sauti ya mzee ikauliza taratibu, "Sidi, maji yangu yako wapi?"

Jumamosi nilikwenda mjini kumtafuta Bwana Mutiso. Nilimweleza yote, isipokuwa kwamba neno lilitoka kwangu. Nilisema watu wanasema. Alinisikiliza, kisha akauliza kama kati ya bahari na boma lile kuna kilima. Nikasema kipo. Akauliza mawingu hukatika upande upi. Nikasema upande wa pili, wa bara. Akatikisa kichwa. Akaniambia hewa ikikipanda kilima hupoa na wingu hukaa. Ikiteremka upande wa pili hupata joto, na wingu dogo likipata joto hurudi kuwa mvuke. Na mwaka ule, alisema, juu kulikuwa na hewa kavu imelala kama kifuniko. Marundo hayakuweza kukua yakawa minara, na wingu lisilokua halinyeshi. Kuhusu chungu alicheka kidogo bila furaha. Maji ya chumvi yakichemka, chumvi hubaki chini, mvuke hupanda peke yake. Ukikuta sufuria yenye maji ya baridi hugeuka matone, yakadondokea bakulini. Bibi yule alikuwa akimfanyia mumewe kila asubuhi kazi ile ile ambayo bahari na mbingu hutufanyia sisi sote.

Kisha akanitazama sana. "Mwalimu, ni nani mwingine katika kijiji kile anayeandika mahali mawingu yanapokatika?"

Nikaliinamia daftari nililokuja nalo.

"Daftari nilikupa uandike mawingu," alisema. "Sikukupa uandike watu."

Nilirudi Jumapili, jua limeinama. Mvua ilikuwa haijanyesha, na kwa mara ya kwanza maishani nilishukuru kwa hilo. Lakini nilipofika shuleni nikawakuta watu wamejaa uani. Waya ulikuwa umekatwa. Jefwa alisimama na jembe juu ya kopo langu.

Aliyezungumza ni Mama Kadzo, na hakuwa na ukali. Alizungumza kama mtu anayesimulia alichokiona. Alisema mwalimu ana kopo amelichimbia ardhini. Kila asubuhi huliinamia, akachungulia, akaandika. Tangu liletwe, hapajanyesha. Jana alilichukua daftari akaenda nalo mjini, na hatujui amempa nani. Akamaliza kwa maneno ambayo niliyajua vizuri. Yeye hasemi kitu, anasema alichokiona.

Nilitaka kueleza. Nilianza na mvuke, na chembe za chumvi, na kilima, nikaona kwamba kila neno la kitaalamu linazidi kunitia hatiani. Macho yale nilikuwa nimeyaona Alhamisi, ila siku ile yalimtazama mwingine. Mtu mmoja akaniuliza kwa nini siku ile niliwafuata nikanyamaza. Mwingine akasema mwenye kumwonyesha mwizi kidole huwa anaficha cha kwake. Wakaanza kunizunguka.

Watu wakapishana, akaingia Hawe Sidi, mkono umefungwa kwa kipande cha kanga. Hakunitazama. Alimwambia Jefwa alifungue kopo. Jefwa akalifungua. Ndani mlikuwa na vumbi na nyenje aliyekufa.

"Kwangu mlivunja chungu mkakuta maji ya mume wangu," alisema. "Kwa huyu mmefungua kopo mmekuta mdudu. Kesho mtafungua nini? Matumbo ya watoto wenu? Daktari mjini aliniambia figo za Kitsao haziwezi chumvi. Maji yasiyo chumvi sikuwa nayo, nikayatengeneza, kikombe kimoja kwa siku. Niliwaficha, ni kweli. Kikombe kimoja hakigawiki kwa kijiji, na nilijua nani kati yenu angekuja kuomba na nani angekuja kunyang'anya. Sikukosea."

Jefwa aliliweka jembe chini, akakaa hapo hapo mchangani, akajishika kichwa. Ndipo mimi nikapata ulimi wangu. Nikawaambia wote, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, kwamba neno la chungu na la mawingu lilianza kwangu, kwenye foleni ya maji, na kwamba nililisema bila kuuliza. Mama Kadzo aliinamisha uso. Mzee Charo akawaambia watu waende makwao, nao wakamtii.

Nilimfuata Hawe Sidi njiani nikampigia magoti kumshukuru. Hakunisimamisha.

"Usinishukuru," alisema. "Sikukutetea wewe. Nimetetea mlango wangu. Wangemaliza kwako, wangerudi kwangu."

Nilinunua chungu kingine, nikampelekea. Alikigeuza, akakinusa, akanitaka nichemshe maji ndani yake ninywe mimi kwanza, naye ananitazama. Nikanywa. Sikuona vibaya, nilikuwa nimeupanda mwenyewe ule wasiwasi, na anayepanda huvuna. Kwa miezi nilimkatia kuni na kumtekea maji ya kisima, kwa kuwa mkono wake haukupona vizuri. Alipokea kuni. Chakula changu hakupata kukila. Nilipomwomba aje darasani awaonyeshe watoto jinsi maji yanavyopanda na kurudi, alikataa, akasema siri yake imeshavunjwa mara moja na inatosha. Nikawaonyesha mwenyewe kwa sufuria ya shule.

Mzee Kitsao alifariki kabla ya mvua. Sijui kama ni zile siku alizokunywa maji ya chumvi mpaka chungu kingine kilipopatikana, au ni ugonjwa uliokuwa unamchukua kwa vyovyote. Nilimuuliza daktari, akasema hawezi kujua. Mimi pia siwezi kujua. Hilo halijanipa usingizi mzuri, na wala sitaki linipe.

Mvua ilikuja majira yalipogeuka. Siku hiyo marundo hayakusimama kimo cha kawaida. Yaliendelea kupanda tangu asubuhi, moja likameza jingine, mpaka alasiri likawa mnara na kichwa chake kikabapa. Nikaliandika kwa jina lake. Kopo lilifurika. Unadhani watu walisema nini? Wengine walisema ni kwa kuwa mzee amekufa. Wengine walisema ni kwa kuwa mwalimu amekiri. Nikajifunza kwamba anayependa kushuku hata neema huitafutia mchawi.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na naisema wazi usije ukaikosa. Sikukatazi kushuku. Dunia ina wabaya, na asiyeshuku kitu huliwa mzima. Lakini unapomshuku mtu, anza na jicho lako; uliza umesimama wapi unapotazama, na nini kiko kati yako na unachokiona. Ulichokiona kinaweza kuwa kweli tupu na maana uliyokipa ikawa uongo. Kabla ya kumsema jirani, mwendee, mpigie hodi, muulize. Mchawi mpe mwana akulelee, wahenga walisema, na mimi nimeielewa hivi: msogelee unayemwogopa kabla hujamwita jina. Usijifiche nyuma ya kusema kwamba husemi kitu. Na neno lako likishatoka likaanza kuumiza, lifuate siku hiyo hiyo ulirudishe mbele ya watu, hata kama aibu itakuua, kwa maana maji yakimwagika hayazoleki.

Mwenyezi Mungu akupe macho yasiyo na haraka na ulimi unaojua kungoja. Akukinge na shari ya watu, na awakinge watu na shari yako. Akupe jirani atakayekugongea mlango kabla hajakuhukumu, na wewe uwe jirani wa namna hiyo kwa wengine. Nenda kwa amani, mwanangu.